Bi Gia na Kadi Isiyokuwepo

Bandu bandu huisha gogo. Methali hii huonekana nyepesi kwa mtu aliyeketi kivulini akimtazama mwenziwe akikata. Aliyeshika shoka ndiye ajuaye kwamba kila bandu hutoka na jasho lake, na kwamba kazi ikifika katikati, gogo huonekana kama halipungui hata kidogo. Hapo ndipo wengi hutupa shoka wakaenda zao. Mwanamke mmoja ambaye madereva wenzake walimwita Bi Gia hakulitupa, ingawa waliomshauri alitupe walikuwa wengi, tena baadhi yao walimpenda.

Bi Gia aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na saba. Jina hilo alipewa na mafundi wa karakana. Alikuwa na desturi ya kusimama kando ya lori linalounguruma, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa siri, kisha akasema, "Gia ya tatu imeanza kulika." Mafundi walicheka, wakafungua, wakaikuta imelika kweli. Lakini asubuhi moja ya mvua mguu wake uliteleza kwenye ngazi ya lori, akaanguka, nyonga ikavunjika. Daktari wa hospitali alimwunga vizuri, ila alimwambia bila kuuma maneno kwamba safari za siku tatu mfululizo zimekwisha. Miaka miwili ikapita akiwa amekaa nyumbani kama mwiko uliotundikwa ukutani, akihesabu malori yaliyopita barabarani kwa sauti zao.

Ndipo alipoliona tangazo. Chuo kimoja cha udereva kilikuwa kimeamua kwamba wanafunzi wajifunze kwanza kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, wagonge na kupinduka humo watakavyo, kabla ya kukabidhiwa lori la kweli. Kilitafuta wakufunzi. Kila mwombaji angefanya mtihani akiwa kwake, kwa mchezo uleule, akitazamwa na mtahini kupitia intaneti. Siku ilikuwa Jumamosi, saa nne kamili asubuhi. Chini kabisa paliandikwa: hakuna mtihani wa marudio.

Jumatatu ya wiki ileile Bi Gia alinunua kompyuta mpya ya michezo, ile yenye kadi kubwa ya picha, kifaa cha ndani kinachochora picha kwenye kioo, pamoja na usukani na pedeli zake. Kaka yake mkubwa, mzee aliyestaafu ukarani na aliyeamini kwamba kila jambo lina umri wake, alipoyaona maboksi sebuleni alishika kiuno.

"Dada, na mvi hizo, umejinunulia mwanasesere?"

"Wanaocheza ni watoto, kaka," Bi Gia alijibu huku akifungua boksi. "Mimi naenda kazini."

Kompyuta ililetwa na kufungwa na fundi wa dukani mwenyewe. Watu walimwita Daktari, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila koti lake jeupe, na kwa kuwa alipenda kutamka ugonjwa wa mashine kabla ya kuigusa. Aliunganisha nyaya, akawasha, kioo kikang'aa kwa rangi za kila namna, akaondoka akipiga mluzi. Bi Gia aliketi, akafunga mkanda usiokuwepo kwa mazoea, akawasha mchezo.

Lori lilijikokota. Picha zilisogea moja moja, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu kwa kidole chenye gundi. Ukikata kona, usukani uligeuka sasa na lori likageuka baadaye, likiwa limekwisha kuingia mtaroni. Bi Gia alimpigia Daktari simu.

"Mama, mashine ni mpya kabisa," Daktari alisema. "Tatizo hapo ni mtumiaji."

"Mtumiaji huyu ameteremsha tani thelathini kwenye milima yenye ukungu. Niambie tatizo."

"Basi labda ni draiva."

"Dereva ni mimi."

"Siyo dereva, mama, draiva!" Daktari alicheka mpaka akakohoa. "Ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuiongoza kadi ya picha. Bila hiyo, kadi ni chuma tu. Ilete wiki ijayo niiangalie."

"Jumamosi nina mtihani."

"Huo mtihani si uwaachie vijana, mama? Upumzike."

Simu ilikatika. Bi Gia aliiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kulipuka. Neno lililomchoma halikuwa vijana. Lilikuwa lile la kupumzika. Alikuwa amepumzika miaka miwili, na hakuna safari iliyowahi kumchosha kama hiyo.

"Kama kompyuta nayo ina dereva wake," alisema peke yake, "basi huyo dereva mwenzangu nitamjua kwa jina."

Akatoa daftari. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni moja waliyofundishwa na mafundi wakali: lori likikusumbua njiani, usiguse vitu vitano kwa pamoja. Badilisha kimoja, jaribu, andika. Anayegusa vitano hata akipona hajui kilichomponya, na kesho ataugua tena. Bi Gia alichora safu tatu kwenye ukurasa mtupu, akaandika juu: kitu, jaribio, jibu.

Jumanne asubuhi alianza na nyaya. Alijikunja nyuma ya kompyuta, nyonga ikimlalamikia, akalinganisha matundu na picha zilizokuwa kwenye kijitabu cha maelezo. Matundu ya kioo yalikuwa sehemu mbili. Moja lilikuwa juu, kwenye mwili wa kompyuta yenyewe, na mengine chini, kwenye kadi ya picha. Kijitabu kilisema kioo kichomekwe chini. Daktari alikuwa amekichomeka juu. Kadi kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya mchezo ilikuwa imekaa humo ndani kama mgeni wa heshima aliyesahauliwa barazani, huku kazi yote ikifanywa na kijisehemu kidogo kisicho na nguvu.

Alihamisha kebo. Mchezo ukateleza kama mafuta. Bi Gia aliachia kicheko, akaingiza gia, akapanda mlima wa kwanza, barabara ikifunguka mbele yake na vivuli vya milingoti vikipita juu ya boneti. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili mikono yake ilikuwa na kazi iliyoijua.

Dakika ya tatu kioo kikazimika. Sauti nayo ikakatika. Baada ya muda mfupi mchezo ulitoweka, na maandishi madogo yakatokea: draiva ya picha imeacha kufanya kazi.

"Hujaacha," Bi Gia alikiambia kioo. "Umegoma. Na mgomaji ana sababu."

Akaandika: kebo, dakika tatu.

Jumatano alisoma kwenye simu mpaka macho yakamwuma. Alisoma ukurasa wa kiwanda kilichotengeneza kadi, akasoma na malalamiko ya watu waliopatwa na jambo kama lake, kila mmoja na dawa yake, wengine wakitukanana. Aliokota lililofanana katika vinywa vingi: pata draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Akaipata, akaiweka juu ya ile ya zamani, akaandika namba ya toleo lake. Safari hii lori lilikwenda dakika kumi na moja kabla ya giza. Akajaribu tena, kumi na moja. Mara ya tatu, kumi na moja.

Mtu mwingine angelia. Bi Gia alitazama daftari lake, toka tatu hadi kumi na moja, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kitu kilikuwa kimesogea. Gogo halijakatika, lakini lilikuwa na alama ya shoka.

Mchana huo alichukua mkongojo wake akaenda dukani. Palikuwa na wateja kama sita. Nyuma ya kaunta kompyuta mpya zilipangwa safu, zikisubiri wenyewe. Alimweleza Daktari kila jambo kwa utaratibu, kebo, toleo, dakika, akauliza kuhusu umeme na joto la ndani.

"Ulihamisha kebo yangu?" Daktari alipaza sauti ili kila mtu asikie. "Mama, hapo ndipo ulipoiharibu. Sasa unataka kujua kama kadi inapata umeme wa kutosha, au kama inachemka? Hayo yako ndani, na ubavuni kuna lakiri, kibandiko chetu cha dhamana. Ukiivunja lakiri ile, dhamana imekufa, na mashine hairudi hapa hata kwa mkokoteni." Akawageukia wateja akitabasamu. "Ndugu zangu, kompyuta ya michezo ni kama farasi. Huwezi kumpa bibi farasi."

Kicheko kikapita dukani. Bi Gia alisubiri kiishe.

"Kebo uliichomeka pabaya, mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Farasi ulimfunga mkokoteni upande wa kichwa. Mimi nimemgeuza tu. Sasa nitajua kwa nini anaanguka, na nikijua nitarudi kukueleza mbele ya watu haohao."

Alirudi nyumbani. Aliketi mbele ya kompyuta, bisibisi mkononi, akiitazama ile karatasi ndogo inayong'aa iliyobandikwa kwenye ubavu. Alijua kwamba akiichana hakuna kurudi nyuma. Kisha akakumbuka kicheko cha dukani, akaichana kwa kucha, mara moja, kama mtu anayebandua plasta.

Ndani hapakuwa na kosa. Feni zilizunguka. Hapakuwa na vumbi wala joto la ajabu. Waya wa umeme wa kadi ulikuwa umeshika barabara. Aliusukuma hata hivyo. Akafunga, akajaribu. Dakika kumi na moja, giza.

Akaandika: umeme na joto, hakuna badiliko. Alikuwa amevunja daraja nyuma yake, na mbele hakukuwa na njia.

Alhamisi kaka yake alikuja na gari la kuazima. Alikuwa ameamua, bila kuulizwa, kwamba kompyuta irudishwe dukani kabla siku za kuirudisha hazijapita. Alipoiona lakiri iliyochanika alikaa kitini kama aliyepigwa rungu la magoti.

"Umefanya nini, dada?"

"Nimetazama ndani."

"Ukaona nini?"

"Nimeona si huko."

"Yaani umeharibu dhamana kwa ajili ya kujua si huko?" Kaka alipandwa na hasira. "Maji yakimwagika hayazoleki! Tangu utotoni wewe ni hivyo. Ukiambiwa moto unaunguza, lazima uushike. Lori lilikuvunja ukasema utarudi barabarani. Sasa hata mchezo wa watoto unakushinda. Kubali yaishe. Kukubali si aibu."

"Kaka," Bi Gia alisema, "ukipoteza funguo nyumbani kwako, ukatafuta chini ya kitanda usizione, je, umepoteza muda?"

"Ndiyo!"

"Hapana. Umejua kwamba si chini ya kitanda. Hutarudi kupatafuta tena. Chumba kimepungua." Akafungua daftari, akamwonyesha. "Si kebo. Si umeme. Si joto. Si toleo la zamani peke yake. Huyu adui anabaki na pa kujificha pachache."

"Na ukifika Jumamosi hujamwona?"

"Nitakuwa nimefika Jumamosi nikimtafuta. Wewe ungetaka nifike nikiwa nimelala."

Kaka alisonya, akaondoka na gari lile tupu. Muda si mrefu binti yake Bi Gia akapita akielekea zamu ya mchana hospitalini, sare yake ya uuguzi imenyooka kama karatasi. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu na mjomba wake. Alimkumbatia mama yake kwa nyuma.

"Mama, hata ukishindwa, hakuna atakayekucheka."

"Yupo," Bi Gia alisema. "Mimi. Kila asubuhi nikichana nywele."

Binti akauliza, "Unahitaji nini?"

"Ukimya, na chai."

Alipata vyote viwili.

Ijumaa asubuhi Bi Gia alifungua orodha ya vifaa ambayo kompyuta huitunza, ile inayoonyesha kila kitu kilichounganishwa nayo. Alikuwa ameipitia mara kadhaa bila kuona jambo. Lakini katika kusoma alijifunza kwamba orodha hiyo ina pazia, na nyuma ya pazia hukaa vifaa vilivyofichwa. Akalifungua pazia. Kwenye sehemu ya kadi za picha, kadi zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, wala haikuwa kile kijisehemu kidogo.

Alifungua ubavu wa kompyuta, akatazama kwa tochi. Kadi ilikuwa moja. Akasoma orodha tena, zilikuwa mbili. Basi kompyuta hii mpya ilikuwa na kumbukumbu za maisha ambayo haikuishi. Daktari, ili asihangaike kupanga kila mashine upya, alikuwa amenakili programu zote za kompyuta nyingine na kuzimwaga humu kama zilivyo, pamoja na draiva ya kadi isiyokuwepo. Draiva mbili za kampuni mbili zilikuwa zikigombania usukani mmoja. Hata dereva bingwa, umkalishe na mwenziwe kwenye kiti kimoja, kila mmoja akivuta kwake, atapinduka dakika ya kumi na moja kama si ya tatu.

"Kumbe mlikuwa wawili," Bi Gia alisema.

Dawa aliijua, maana alikuwa ameisoma bila kujua kwamba ni yake. Alikata intaneti. Akaiwasha kompyuta katika ile njia ya tahadhari ambayo huamsha vitu vichache tu. Maandishi yakawa makubwa na ya ukungu, na hofu ikamshika kwamba huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Akapiga moyo konde. Akafuta draiva zote, ya mgeni na ya mwenyeji, na masalia yao yote aliyoweza kuyapata. Kisha akaweka moja tu, toleo jipya, akaandika namba yake: inaishia na sitini na moja.

Aliendesha dakika arobaini. Alipanda, akashuka, akaegesha lori kinyumenyume kwenye ghala jembamba, na kioo hakikupepesa hata mara moja. Bi Gia alisimama, nyonga na yote, akapiga kigelegele peke yake sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna harusi gani. Akaunganisha intaneti tayari kwa kesho, akazima kila kitu.

Jumamosi saa mbili asubuhi alijaribu mara ya mwisho, ili tu mikono ichangamke. Dakika ya kumi na moja kioo kikawa cheusi.

Mtihani ulibakiza muda usiofika hata saa mbili. Maneno ya kaka yake yalimjia yote kwa pamoja, na neno la Daktari, na la binti yake lenye upole, ambalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Kubali yaishe. Ingekuwa rahisi sana. Angepiga simu chuoni, aseme mashine imeharibika, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala ya simu alichukua daftari. Akasoma mstari wa jana, akafungua kompyuta kutazama namba ya toleo. Daftari lilisema sitini na moja. Kompyuta ilisema kumi na nne.

Mtu amebadilisha! Lakini ndani hakuingia mtu. Alifikiri, kidole kikigonga meza. Jana alipoendesha vizuri, intaneti ilikuwa imekatwa. Baadaye akaiunganisha. Ndipo alipoelewa. Mfumo wa kompyuta wenyewe, ukijiona msaidizi mwema, ulikuwa umetoka kimyakimya kwenda kuchukua draiva nyingine ya zamani na kuiweka juu ya ile aliyoichagua. Bila ile namba ndogo aliyoiandika kwa mazoea ya kidereva, asingeligundua jambo hilo hata mwezi ungepita.

"Ahaa," alisema, na hasira ikampanda, hasira tamu yenye faida. "Nakuweka mmoja, unaniletea mwingine nikilala. Leo utanijua."

Akaanza upya. Alikata intaneti, akaingia njia ya tahadhari, akafuta, akaweka sitini na moja. Vidole havikuharakisha ijapokuwa saa iliharakisha. Na safari hii, kabla ya kurudisha intaneti, alitafuta mahali pa kuukataza mfumo usijiletee draiva wenyewe. Alizunguka kurasa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya ugenini, akapaona, akaizima ruhusa hiyo. Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa amemaliza. Muda wa kujaribu hadi dakika ya kumi na moja haukuwepo.

Mlango ukafunguliwa. Kaka yake aliingia, akavua kofia, akavuta kiti nyuma ya dada yake. "Nimekuja kukaa na wewe," alisema kwa ukali, kama anayegombeza. "Likikuangusha usiwe peke yako." Bi Gia hakugeuka, lakini alisikia.

Saa nne kamili sauti ya mtahini, mwanamke mwenye maneno machache, ilitoka kwenye spika. "Tani ishirini na nane. Mlima hadi bandari kavu. Anza ukiwa tayari."

Bi Gia alianza. Alipandisha gia moja moja, akaingia mteremko kwa nguvu ya injini bila kukanyaga breki hovyo. Pembeni ya kioo saa ndogo ilihesabu: dakika ya saba, ya tisa, ya kumi. Ya kumi na moja.

Kioo kikawa cheusi.

Kaka akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Mikono ya Bi Gia haikuachia usukani, na katika giza lile alisikia jambo moja: injini. Ilikuwa ikiunguruma, nzito, iliyotulia, yenye mwangwi. Siku zote kioo kilipokufa, sauti ilikufa nacho. Na mwangwi huo aliujua. Ulikuwa mwangwi wa kuta.

"Ni handaki," alinong'ona, akabonyeza taa.

Mwanga ukapiga lami, kuta za zege zikajitokeza kushoto na kulia, na lori likapita katikati yake likiwa limenyooka. Mbele kabisa palionekana tundu la mchana, likakua, likawa barabara. Dakika ya kumi na mbili. Ya ishirini. Ya thelathini na nane, alipoegesha trela kinyumenyume bandarini bila kugusa nguzo hata moja, akavuta breki ya mkono na kuzima injini.

Mtahini akasema, "Umeendesha vizuri sana. Ila kwenye handaki umechelewa kuwasha taa sekunde mbili. Kwa nini?"

Kaka alimfanyia dada yake ishara ya mkono, atunge lolote. Bi Gia aliitazama ishara ile, akaamua kusema kweli. Alieleza yote, kebo, lakiri, kadi isiyokuwepo, namba sitini na moja iliyogeuka kumi na nne, na jinsi alivyodhani giza la handaki ni lilelile lililomtesa wiki nzima.

"Siku tano?" mtahini aliuliza.

"Siku tano."

"Ulisaidiwa na nani?"

"Daftari."

Mtahini alicheka, kicheko kifupi cha mtu asiyezoea. "Wanaojua kuendesha tumewapata wengi, mama. Wanafunzi wetu wakikosea jambo mara kumi, wakufunzi huwapigia kelele mara ya pili. Mimi natafuta mtu anayeweza kukaa siku tano na kitu kinachokosea, asikipige teke. Njoo Jumatano. Njoo na hilo daftari."

Kaka alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Mwishowe alisema, "Chai iko wapi?" na akaenda kuipika mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wazaliwe.

Jumatatu Bi Gia alitimiza ahadi yake. Alisimama mbele ya kaunta, wateja walewale wa Jumatano wakiwa wamekuja kusikia, akafungua daftari na kumsomea Daktari mstari kwa mstari, bila kupandisha sauti. Daktari alianza kwa kubisha, akaendelea kwa kukohoa, akamalizia kwa kunyamaza. Kisha akageuka, akawasha kompyuta ya kwanza katika ile safu iliyosubiri wateja, akafungua orodha ya vifaa, akalifungua na lile pazia. Kadi zilikuwa mbili. Akawasha ya pili. Zilikuwa mbili.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, koti lake jeupe likionekana kubwa kuliko mwili, "hebu nisomee tena ile ya kufuta. Polepole."

"Kaa chini, mwanangu," Bi Gia alisema, akavuta kiti. "Tunaanza na moja. Tukimaliza hiyo, tunakwenda ya pili."

Na mbele ya watu walewale walioucheka uzee wake, waliimaliza safu nzima. Asikutishe mtu kwa ukubwa wa kazi, wala asikwambie upumzike shoka likiwa bado mkononi: bandu bandu huisha gogo.